Zunguka Kwanza Bila Sahani: Bufe na Makumbusho Ukiwa Ugenini

Bufe na jumba la makumbusho vina mtego mmoja. Unalipa mlangoni, mara moja, na ukishaingia hakuna anayekuhesabia. Pesa ikishatoka mfukoni, kila sinia usiyoigusa inaonekana hasara, na kila chumba usichoingia kinaonekana hasara vilevile. Ndiyo maana mtu mzima mwenye akili zake anajaza sahani mpaka mchuzi wa samaki unaingia kwenye keki, na kesho yake anapita vyumba sitini kwa saa tatu akipiga picha maandishi ambayo hatayasoma maisha yake yote.

Dawa ni ileile kote kuwili: zunguka kwanza mikono mitupu, chagua vichache, anza na kile ulichokifuata, na utoke kabla hujachoka. Kusema ni rahisi. Kazi iko kwenye utekelezaji.

Mezani

Meza ya bufe haipangwi kwa kubahatisha. Sahani huwekwa upande ule ambao mwenye mgahawa anataka uanzie, na pale mwanzo utakuta vinavyojaza tumbo kwa gharama ndogo: mikate, saladi ya viazi, tambi, wali, supu nzito. Kamba, samaki wa kuvutishwa moshi na nyama ya kuokwa huwa mwisho wa meza, au vina mtu wake mwenye kisu anayekukatia kipande kimoja kimoja. Mtu huyo hakuwekwa pale kwa heshima tu. Kipande anachokata yeye ni chembamba kuliko kile ambacho ungejikatia mwenyewe. Si dhuluma, ni hesabu ya biashara, lakini anayeifuata foleni kuanzia kwenye sahani hufika kwenye nyama akiwa hana tena pa kuiweka.

Basi usichukue sahani. Pita meza zote mpaka mwisho, pamoja na kona ya vitamutamu na lile jiko dogo la mayai au tambi zinazopikwa papo hapo, ambalo mara nyingi limejificha nyuma ya nguzo. Dakika tatu zinatosha. Tazama kipi kimetoka jikoni sasa hivi, kipi kinapikwa mbele ya macho yako, na kipi hakiguswi na mtu. Sinia kubwa iliyojaa huku juu pamekauka imekaa muda mrefu. Sinia ndogo inayobadilishwa kila baada ya dakika chache ndiyo ya kuiwahi.

Sahani ya kwanza iwe ya kuonja: vitu vitano au sita, kijiko kimoja kimoja, visigusane. Ya pili ni ya vile viwili au vitatu vilivyokupendeza, na safari hii chukua vya kutosha bila haya. Kati ya hizo mbili kaa, zungumza. Mwili huchukua kama dakika 20 kupata habari kwamba tumbo limepokea chakula, hivyo anayemaliza sahani mbili kwa dakika kumi anakwenda kuchukua ya tatu ambayo mwili haukuiomba. Soda na juisi zinakula nafasi bure. Maji kidogo yanatosha.

Waswidi ndio wenye mpangilio mzuri kuliko wote, kwa maoni yangu. Smörgåsbord yao huliwa kwa safari. Ya kwanza ni samaki wa herring waliolowekwa kwenye siki, pamoja na mkate, siagi na viazi vya kuchemsha. Ya pili ni samaki wengine wa baridi, hasa salmoni. Ya tatu ni nyama za baridi. Ya nne ni vyakula vya moto: vinyama vya kufinyanga, na lile bakuli la viazi, vitunguu, krimu na visamaki vya chumvi liitwalo Janssons frestelse. Vitamu vinakuja mwisho. Adabu imo, ila kuna sababu nyingine pia. Siki na chumvi vikitangulia vinauamsha ulimi. Vikija baada ya krimu na mafuta, ulimi haushiki tena kitu.

Na kila safari sahani safi. Hili watu hulidharau wakidhani wanawapunguzia kazi waosha vyombo. Upawa ukigusa sahani uliyokwisha kulia, kisha ukarudi kwenye sinia, mate yako yamewafikia watu mia. Marekani hata kanuni za afya ya chakula zinakataza kurudi kwenye meza ya kujihudumia na sahani iliyotumika. Kile kioo kinachoinama juu ya vyakula nacho kilitokana na wasiwasi huohuo: Johnny Garneau, aliyekuwa na migahawa ya smörgåsbord nchini Marekani, aliomba hataza yake (haki ya kumiliki uvumbuzi) mwaka 1959 ili kuweka kizuizi kati ya chakula na pua za wateja. Ukiinama na kupenyeza kichwa chini ya kioo ili uone vizuri, umeifuta kazi yake yote.

Japani bufe huitwa baikingu, yaani Viking. Jina hilo lilitoka Imperial Hotel ya Tokyo, iliyofungua mgahawa wa namna hii mwaka 1958 kwa kuiga smörgåsbord, na likaganda. Huko utakutana pia na tabehodai, kula kadiri upendavyo kwa muda maalumu, mara nyingi dakika 90 au 120. Wageni hujikwaa hapa. Saa huanza kuhesabiwa unapokalishwa, wala si chakula kinapofika, na oda ya mwisho hufungwa dakika 20 au 30 kabla ya muda kwisha. Kwa hiyo ukiambiwa dakika 90, fanya hesabu ya saa moja ya kuagiza. Agiza kidogo kidogo na mara kwa mara, kwa sababu sehemu nyingine hutoza unachokibakiza mezani, na tangazo la tozo hiyo limeandikwa kwa Kijapani ukutani.

Brazili ina namna mbili zinazodai akili tofauti. Ya kwanza ni por quilo: unajipakulia, unaweka sahani kwenye mizani, unalipia uzito baada ya uzito wa sahani yenyewe kutolewa. Kinachokuumiza hapo ni maji na mifupa. Tikiti maji, maharage yenye mchuzi mwingi na mapaja ya kuku vinapandisha mizani kwa haraka. Majani ya saladi na nyama isiyo na mfupa vinakulipa. Ya pili ni rodízio. Unakaa, na wahudumu wanapita na nyama kwenye mishikaki mirefu wakikukatia. Mezani pako kuna kadi au kijiti chenye upande wa kijani na upande mwekundu. Kijani maana yake leteni, nyekundu maana yake subirini. Mgeni huiacha kijani tangu anakaa mpaka anaondoka, na sahani yake inajaa soseji na kuku, maana hivyo ndivyo vinavyopita kwa wingi mwanzoni. Igeuze iwe nyekundu wakati unatafuna. Kukataa kipande si utovu wa adabu, na kumwambia mhudumu unaingoja picanha, ile nyama ya nyuma ya ng'ombe yenye ukanda wa mafuta upande mmoja, ni jambo la kawaida kabisa. Meza ya saladi katikati ya ukumbi ni nzuri, lakini ndiyo inayowashibisha watu kabla nyama haijaanza kuzunguka.

Bufe ya kifungua kinywa hotelini haina mengi. Wahi mapema; nusu saa ya mwisho sinia hazijazwi tena, zinasukumwa tu ziishe. Na usifunge mikate kwenye karatasi ukaitia mkobani: hoteli nyingi zinakataza, na zinazoruhusu huweka wazi vifuko vya kubebea.

Joto, koleo na upawa

Watu hulaumu ulafi wakati kosa mara nyingi ni la joto. Chakula cha moto kinatakiwa kikae kwenye nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi, cha baridi kisizidi nyuzi 5 hivi. Katikati ya hapo bakteria wanazaana. Kanuni inayotumika sana ni kwamba chakula kilichokaa katikati hapo kwa zaidi ya saa 2 kitupwe, na ikiwa hewa ya mahali penyewe inazidi nyuzi 32, saa 1 tu.

Hutaenda bufe na kipimajoto, lakini macho yanatosha. Funua kifuniko: mvuke unapaswa kukupiga usoni. Chini ya sinia ya chuma kuna beseni la maji na chini ya maji kuna mkebe mdogo wa moto. Inama kidogo utazame kama unawaka, maana mikebe hiyo huzimika kimyakimya. Kumbuka pia kwamba chombo hicho kimeundwa kutunza joto, hakiwezi kupasha. Chakula kilichoingia vuguvugu kitabaki vuguvugu mpaka kifungwe. Kwa upande wa baridi tazama barafu. Kamba na chaza wakiwa wanaelea kwenye maji badala ya kulalia barafu, waache. Utando juu ya mchuzi, kingo zilizogeuka rangi, mayonezi yenye mng'ao wa mafuta: hizo zote ni saa zinazosomeka bila mishale.

Wali ndio unaowadanganya wengi, kwa kuwa unaonekana hauna madhara. Bakteria aitwaye Bacillus cereus ana mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu mbegu zinachipua, zinatoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa tena mpaka ufoke. Nyama za mchuzi zilizopikwa kwenye sufuria kubwa na kupoa polepole zina mwenzake, Clostridium perfringens. Tazama pia jinsi sinia inavyojazwa. Mpishi anayeondoa sinia ya zamani na kuleta mpya anaijua kazi. Anayemwaga chakula kipya juu ya mabaki anachanganya cha saa hizi na cha asubuhi, na huna njia ya kujua kijiko chako kimechota kipi.

Kisha koleo. Mpini wa koleo la mkate umeshikwa na kila mtu aliyekutangulia. Kwa hiyo kunawa kabla ya kupakua hakutoshi. Pakua, weka sahani mezani, nenda ukanawe kwa maji na sabuni, ndipo ule. Dawa ya kupaka yenye alkoholi haiwatoshi norovirusi, wale waliosababisha safari nyingi za meli kuishia chooni.

Wenye mzio wana kazi zaidi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya mgahawa unalazimika kutaja vizio 14, vikiwemo karanga, maziwa, mayai, ngano, ufuta na samaki. Lebo hizo ni za kweli jikoni. Mezani zinakufa dakika ileile mteja anapotoa kijiko cha mchuzi wa karanga na kukirudisha kwenye sinia ya jirani. Mzio ukiwa mkali, usijipakulie kabisa. Mwone msimamizi ukifika, omba upakuliwe jikoni kutoka kwenye chungu ambacho hakijatoka nje. Bufe nyingi hufanya hivyo bila malalamiko, mradi uombe kabla ya msongamano.

Mlangoni na ndani ya makumbusho

Hesabu kwanza. Louvre ya Paris huonyesha kazi zipatazo 35,000. Ukiipa kila moja sekunde 10, unahitaji saa 97 za kusimama, yaani karibu siku 11 kamili kuanzia mlango unapofunguliwa mpaka unapofungwa. Ukishaiona hesabu hiyo, ile hamu ya kumaliza inakufa yenyewe, nawe unaweza kuanza kuchagua.

Vitu saba mpaka kumi kwa ziara moja ni kiasi cha haki. Viandike kwenye karatasi pamoja na namba za vyumba, kwa sababu chini ya ardhi na ndani ya kuta nene simu hukosa mtandao. Jioni ya kuamkia ziara, ingia kwenye tovuti ya jumba lenyewe uone vyumba vilivyofungwa. Louvre, kwa mfano, hutangaza ratiba ya vyumba vinavyofungwa kila siku ya wiki. Wapo wanaofika Berlin wakiifuata Pergamonmuseum na kukuta imefungwa tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati, huku sehemu yake ya kwanza ikipangwa kufunguliwa 2027.

Siku ya kufungwa ndiyo inayoharibu safari nyingi, na haina kanuni moja. Louvre hufungwa Jumanne. Musée d'Orsay, mtoni ng'ambo, hufungwa Jumatatu. Uffizi ya Florence ni Jumatatu. Jumba la Topkapı mjini Istanbul ni Jumanne. The Met ya New York ni Jumatano. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambapo kuingia ni bure na foleni yake ni adhabu. Tokyo National Museum hufungwa Jumatatu, lakini Jumatatu hiyo ikiwa sikukuu hufunguliwa na kufungwa Jumanne. Siku inayofuata kufungwa huwa na watu wengi zaidi, kwa kuwa waliokosa jana wanarundikana leo.

Jioni za kuchelewa kufunga ni hazina. Louvre hufunga saa 3 usiku siku za Jumatano na Ijumaa, Orsay saa 4 kasorobo usiku siku ya Alhamisi, British Museum saa 2 na nusu usiku siku ya Ijumaa. Makundi ya mabasi yameshakwenda kula. Prado ya Madrid huingiza watu bure saa mbili za mwisho: Jumatatu mpaka Jumamosi kuanzia saa 12 jioni, Jumapili kuanzia saa 11 jioni. Foleni ya bure huanza mapema, ila hutembea haraka. Tahadhari ndogo ya lugha: tiketi huandikwa 15:00, na akili iliyozoea saa za Kiswahili ikiwa imechoka inaweza kuisoma vingine. Hiyo ni saa 9 alasiri. Iandike hivyo kwenye karatasi yako.

Tiketi zenye saa ya kuingia sasa ni jambo la kawaida. Van Gogh Museum ya Amsterdam huuza kwa intaneti tu. Nyumba ya Anne Frank, mji huohuo, huachia tiketi kila Jumanne kwa ajili ya ziara za wiki sita mbele, nazo huisha upesi; anayekuja kuulizia mlangoni anarudi alikotoka. Nunua kwenye tovuti ya jumba lenyewe. Tovuti za madalali hujitokeza juu kwenye matokeo ya utafutaji, huongeza bei, na nyingine huuza "kupita foleni" wakati foleni usiyoweza kuipita ni ya ukaguzi wa usalama, na hiyo haina tiketi.

Mkoba uwe mdogo. Louvre hairuhusu begi linalozidi sentimita 55 kwa 35 kwa 20, na British Museum hairuhusu masanduku ya magurudumu. Mkoba wa mgongoni, hata mdogo, mara nyingi utaambiwa uuvae kifuani au uuache kwenye makabati. Sababu si wizi tu: mtu akigeuka na mkoba mgongoni hajui urefu wa mwili wake. Vatikani hutaka magoti na mabega yafunikwe, na walinzi hawana mjadala. Kitenge au skafu kubwa mkobani inamaliza tatizo.

Beba sweta. Kumbi nyingi zina ubaridi na unyevu unaodhibitiwa kwa ajili ya mbao, turubai na ngozi, wala hakuna aliyekufikiria wewe. Ukikuta chumba chenye giza, kina michoro ya karatasi au vitambaa, ambavyo kwa kawaida hupewa mwanga wa luksi 50 tu kwa sababu mwanga huzifuta rangi na hasara hiyo hairudishiki. Simama kama dakika mbili macho yazoee kabla ya kulalamika. Kwa picha, uliza. Prado inakataza ndani kabisa, na Kanisa Dogo la Sistine la Vatikani vilevile. Penye ruhusa, flashi na fimbo za selfi huwa zimekatazwa.

Sasa miguu. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa Museum of Fine Arts ya Boston alichapisha makala kuhusu uchovu wa makumbusho, yenye picha za mtu akijikunja, akichuchumaa na kunyoosha shingo ili aone vitu vilivyomo kwenye makabati na kusoma vibandiko vyake. Hoja yake ilikuwa kwamba mtembeleaji anachoshwa na kabati lililowekwa vibaya. Zaidi ya karne imepita na bado kuna lebo zilizobandikwa usawa wa magoti. Ongeza na mwendo wenyewe: hatua mbili, simama, hatua tatu, simama, juu ya marumaru. Misuli ya vigimbi vya miguu haipati nafasi ya kusukuma damu kama inavyofanya ukitembea kawaida, ndiyo maana saa mbili za makumbusho zinauma kuliko saa mbili za barabarani. Viatu vyenye soli nene, na kukaa kila baada ya dakika 40 au 45 hata kama hujachoka. Baadhi ya majumba huazima viti vyepesi vya kukunja. Uliza kwenye dawati la taarifa, mara nyingi havitangazwi.

Njia ya ndani hufuata siri ileile ya bufe: usianzie panapoanzia wote. Watu husoma kila kibandiko kwenye vyumba vitatu vya kwanza, kisha wanavipita vya mwisho mbio. Orsay ilikuwa stesheni ya treni, na wachoraji wanaotafutwa na wengi, akina Monet na Renoir, wako ghorofa ya 5. Panda huko moja kwa moja mlango ukifunguliwa, halafu ushuke. British Museum, Jiwe la Rosetta, lile la kale kutoka Misri, liko chumba cha 4 na limezungukwa na simu zilizoinuliwa. Chumba cha 1 kuna nakala yake ambayo unaruhusiwa kuigusa, na huko mara nyingi hakuna msongamano. Ipapase kwanza pale kwa vidole, uone jinsi maandishi ya aina tatu yalivyopangwa, ndipo uende kwenye la asili ukijua unachokitazama. Vatikani ni kinyume cha yote: njia ni ndefu, inaelekea upande mmoja, na Sistine iko mwishoni. Huko tunza nguvu, usizimalizie kwenye sanamu za mwanzo.

Kuviweka vyote siku moja

Inawezekana, mradi bufe isitangulie. Aliyekula vizuri saa 7 mchana akaingia kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu saa 8 atasinzia akiwa wima. Mpangilio unaofanya kazi ni kifungua kinywa cha wastani kisicho na chumvi nyingi, kwa sababu maji hayaruhusiwi kunywewa kwenye kumbi nyingi na nyama za kukaushwa za asubuhi zinadai. Ingia makumbusho mlango unapofunguliwa. Kaa saa mbili, mbili na nusu. Kabla ya kutoka hakikisha umemaliza, maana tiketi nyingi haziruhusu kurudi ndani. Kisha nenda kwenye bufe ya mchana mapema kidogo, sinia zikiwa bado zinabadilishwa; bufe nyingi za mchana hufunga kati ya saa 8 na saa 9, na kufika dakika 40 kabla ya hapo ni kulipa bei kamili kwa mabaki. Baada ya hapo usipange kitu chochote chenye ngazi.

Siku za jioni ndefu, geuza: kula kidogo saa 10 jioni, ingia makumbusho saa 12, na chakula kikubwa kije mwisho.

Karamu zilizotundikwa ukutani

Ukiwa mpenda vyakula, ziko kazi tatu za kuzifuata kwa makusudi. Ya kwanza iko Louvre, chumba cha 711, ambako watu wote wanamtazama Mona Lisa mwenye sentimita 77 kwa 53. Geuka nyuma. Ukuta wa pili una Arusi ya Kana ya mchoraji Veronese, mita 6.77 kwa 9.94, turubai kubwa kuliko zote humo. Ilichorwa 1562 mpaka 1563 kwa ajili ya ukumbi wa kulia wa watawa wa San Giorgio Maggiore mjini Venice, ikachukuliwa na jeshi la Napoleon mwaka 1797. Isogelee, tafuta mchinja nyama juu katikati, kisha rudi nyuma hatua kumi ikiwa umati unakuruhusu.

Ya pili ni Karamu ya Mwisho ya Leonardo, Milano, nayo ukutani mwa ukumbi wa kulia wa watawa. Leonardo aliipaka juu ya ukuta mkavu badala ya plasta mbichi, ikaanza kubanduka mapema. Ndiyo maana leo unaingizwa kwa kundi dogo, unapitishwa milango inayofungwa nyuma yako ili vumbi na unyevu visiingie, na unapewa dakika 15. Tiketi ya siku hiyohiyo usiitegemee.

Ya tatu iko Taipei, National Palace Museum, jumba linalofungwa Jumatatu. Ni jiwe la yaspi lililochongwa likawa kipande cha nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa mchuzi wa soya: ngozi yenye vitundu, mafuta, mnofu, tabaka juu ya tabaka, na kimo chake hakifiki hata sentimita 6. Hutembezwa kwenye maonyesho mengine mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha lipo kabla ya kukata tiketi. Hiyo ndiyo nyama pekee ya mezani ambayo haihitaji nyuzi 60.